Giaboksi niliyoishusha mara mbili bure

Gia ya tatu ilichomoka nikiwa nimeshapita Timau, nateremka kwenda Isiolo na magunia ya viazi mgongoni. Haikulia wala haikunipa onyo. Nilisikia "tap", mkono wa gia ukarudi kati wenyewe, injini ikashusha sauti kama mtu aliyekatizwa maneno, na lori likaanza kujiendea. Anayeijua ile njia ananielewa: unatoka kwenye mashamba ya ngano yaliyo juu ya mita 2,000 unashuka hadi Isiolo, kama mita 1,100, na mteremko hauna haraka ya kwisha. Nilikanyaga breki, nikakanyaga klachi, nikajaribu kuirudisha ya tatu ikasaga kama kinu. Nikaachia klachi, nikapiga mafuta kidogo lori likiwa frii, nikakanyaga tena na kusukuma, ndipo ikaingia. Breki zilikuwa zimeshaanza kunuka. Tanboi wangu, msaidizi wa lori, alikuwa amefungua mlango, mguu mmoja uko nje.

"Bosi, hii gari inataka kutuua."

Nilimwambia afunge mlango. Sikuwa na jibu jingine.

Hiyo ilikuwa 2011, mwaka wa ule ukame mkubwa wa kaskazini mwa Kenya. Kazi ilikuwa nyingi kuliko malori. Nikishuka nabeba viazi, nyasi kavu na unga, nikipanda nabeba mchanga wa mtoni. Lori lenyewe lilikuwa Bedford MK, lililotoka jeshini likapita mnadani, likapita mikono ya watu wawili kabla yangu. Ukikwaruza rangi ya buluu ubavuni unakutana na ile kijani. Injini silinda 6 ya dizeli, lita 5.4, gia 4 mbele na boksi ndogo nyuma yake ya kugawa nguvu, yenye nzito na nyepesi, pamoja na mkono wa kuunganisha magurudumu ya mbele. Mimi ni mtoto wa Changamwe, Mombasa, nimekua nikiona Bedford TK zikipanda na kushuka bandarini, kwa hiyo nilipoiona hii MK nilijiambia hawa ni ndugu, spea hazitanisumbua. Hapo sikukosea sana. Bedford waliacha kuunda malori kule Dunstable, Uingereza, katikati ya miaka ya 80, lakini ukienda Kirinyaga Road, Nairobi, na kipande chako mkononi, kuna mtu atakutolea ndugu yake kutoka chini ya meza.

Nilikokosea ni kwingine.

Ugonjwa haukuanza na kuchomoka kwa ya tatu. Ulianza miezi kadhaa nyuma, asubuhi za baridi, nikilala Timau au Nanyuki. Nikiwasha injini na kutaka kuondoka, gia ya kwanza inagoma. Rivasi ndiyo kabisa, inalia mpaka watu wa kituoni wanageuka. Sikuitilia maanani, maana gia ya kwanza ya malori ya zamani haina sinkronaiza, yaani pete za kulinganisha mwendo wa meno kabla hayajashikana, na kila dereva ana desturi yake ya kuibembeleza. Nilikuwa naiingiza ya pili kwanza kusimamisha meno, kisha naivuta kwenye ya kwanza. Dawa hiyo ilifanya kazi, na kwa sababu ilifanya kazi sikuuliza kwa nini naihitaji. Baadaye ya pili kwenda ya tatu ikaanza kukwaruza. Nikabadili mtindo, nikawa nakanyaga klachi mara mbili, dabo klachi kama wazee. Ikatulia wiki mbili. Kisha ndiyo ya tatu ikaanza kutoka yenyewe kila ninapoachia mafuta kwenye mteremko.

Fundi wangu wa jua kali alisikiliza dakika moja akatoa hukumu: giaboksi imekufa. Sikubishana. Tukaishusha chini ya mgunga, kwa jeki mbili, magogo na watu wanne, na nakwambia giaboksi ya Bedford si kitu cha kukumbatia. Pete za sinkronaiza zilikuwa zimeisha kweli, mikwaruzo yake ya ndani imelainika ukipitisha kucha haikwami. Nikasafiri Nairobi, nikaleta pete nyingine. Tukarudisha. Lori likaenda vizuri siku kumi na moja. Nilizihesabu baadaye, kwa uchungu.

Likarudia yale yale. Safari hii fundi akasema ni klachi pleti. Tukashusha tena, siku tatu nyingine, pleti mpya na rilizi beringi mpya, ile inayosukuma klachi ifunguke. Kwa ile kazi yote, shida ilipungua robo, na ya tatu iliendelea kuchomoka. Ndipo tukafika kwenye uvumbuzi ambao naona haya kuuandika: tulikata mpira wa tyubu, tukaufunga kwenye mguu wa kiti cha tanboi, na kila nikiingiza ya tatu kwenye mteremko yeye anauvisha kwenye mkono wa gia ili usirudi. Nimebeba mizigo ya watu namna hiyo karibu mwezi mzima.

Mtu aliyeniokoa alikuwa mzee mmoja wa pale Isiolo aliyestaafu jeshini. Miaka yake mingi ya kazi aliilalia chini ya Bedford, mgongo kwenye kipande cha turubai. Sikumtafuta kwa ajili ya gia. Nilimletea mchanga wa kujengea choo. Nilipokuwa narudi nyuma kuumwaga, rivasi ikalia ile kelele yake, naye akasimama na koleo mkononi akanitazama kama anayemtazama mtu akipiga punda.

"Zima," akasema. "Zima kwanza, mwanangu."

Akapanda. Akaona ule mpira wa tyubu. Hakusema neno, aliushika tu akauvuta, ukarudi ukapiga kiti. Kisha akacheka mpaka akakohoa.

Nikamweleza yote: pete, pleti, beringi. Akauliza swali moja: "Kabla ya kuishusha, mlimuuliza nini?" Nikadhani anamzungumzia fundi. Kumbe anazungumzia lori.

Alichofanya baada ya hapo kilichukua kama saa moja na nusu na hakikuhitaji zaidi ya tochi, rula ya mtoto wa shule na kipande cha chaki. Injini ikiwa imezimwa, aliingiza gia zote moja baada ya nyingine, polepole, macho ameyafumba. Zote ziliingia. Ya tatu ilikuwa na ulegevu, mkono unaendelea kuchezacheza hata ikiwa ndani, hilo akalitia akilini. Akaniambia niwashe. Nikakanyaga klachi nikitaka kutia rivasi, akanishika mkono. "Ngoja. Hesabu mpaka kumi, mguu usitoke." Nikahesabu. Nilipotia, ikalia vilevile.

Akanieleza akiwa ameegemea mlango. Ukikanyaga klachi, ile shafti inayoingia giaboksi imeachwa peke yake, hakuna anayeizungusha. Sekunde chache inapunguza mwendo, oili inaishika, inasimama. Rivasi haina sinkronaiza, kwa hiyo ikilia baada ya kuhesabu kumi, jua shafti haijasimama: kuna kitu bado kinaizungusha. Vitu hivyo ni viwili. Ama klachi haiachii yote, ama ile beringi ndogo iliyomo katikati ya flaiwili, lile gurudumu zito la nyuma ya injini, inayoshika ncha ya shafti, imekwama na inaiburuta. Na kuna njia ya kuvitenga. Tukalipeleka lori mahali tambarare, akawafukuza watoto wote mbele na nyuma, tukazima, nikatia gia ya kwanza, boksi ndogo ikiwa kwenye nzito, nikakanyaga klachi mpaka chini, nikapiga stata. Injini ikashika, na lori, klachi ikiwa chini kabisa, likaanza kutambaa kama mtu anayetoroka kikao.

"Beringi ndogo haina nguvu ya kusukuma tani zote hizi," akasema. "Hiyo ni klachi. Haiachii."

Nikamwambia klachi ni mpya. Akasema upya wake hauna kazi kama haifunguki.

Hapo akapiga magoti akatazama chini ya pedali. Nilikuwa nimetandika sakafuni kipande kinene cha mkanda wa mashine ya kusagia kokoto, niliona ni zulia imara. Pedali ilikuwa inagota kwenye huo mkanda kabla haijafika mwisho wake. Akauvuta akautupa nje dirishani, sentimita mbili za unene. Nilitaka ardhi inimeze. Tulipojaribu tena, lori lilitambaa, lakini kwa uvivu zaidi. "Huyo alikuwa mmoja," akasema. "Mwenziwe yuko chini."

Sehemu iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kuliko zote. Klachi ya lori hili inaendeshwa na mafuta: pedali inasukuma masta silinda, mafuta yanapita kwenye paipu ya chuma, kisha kwenye kipande cha mpira, yanafika sleva silinda ambayo kijiti chake kinasukuma foku, ule uma unaofungua klachi. Tulikuwa tumeshatoa hewa kwenye mfumo huo mara nne na fundi wangu, pedali ilikuwa laini kidogo na tukasema ndivyo ilivyo. Mzee akaniambia niingie chini pamoja naye, tanboi akae juu akanyage. Akachora alama ya chaki kwenye kijiti cha sleva, akaweka rula. Tanboi akakanyaga mpaka mwisho. Kijiti kikasogea milimita 9, kikasimama.

"Haya. Sasa usitazame rula. Shika mpira."

Nikaushika kwa vidole vitatu. Ulikuwa umepasuka juujuu vimistari vidogo kama kisigino cha kiangazi, lakini hauvuji hata tone. Tanboi akakanyaga. Ukavimba. Niliusikia ukijaa ndani ya vidole vyangu, kama koo la chura, na pedali ilipoachiwa ukanywea. Tukarudia mara tatu kwa sababu sikuamini. Mafuta yaliyopaswa kusukuma kijiti yalikuwa yanaishia kupanua mpira uliochoka, na kwa vile hakuna lililovuja, hakuna aliyeutilia shaka.

Niliporudi juu nilikuwa na hasira na kila mtu, na zaidi na nafsi yangu. Ule mpira ulikuwa wa bei ya chakula cha mchana cha watu watatu. Nilipata wa kulingana kwa muuza spea pale pale mjini, kichwa chake ni kile kile cha mipira ya breki. Tukatoa hewa, tukapima: milimita 16. Nikahesabu kumi, nikatia rivasi. Ikaingia kimya. Nikaitoa nikaitia tena, mara sita saba, kama mtoto aliyepewa swichi ya taa.

Kuhusu pete za sinkronaiza, mzee hakuwa na kitu cha kumlaumu fundi wangu kwa alichokiona, maana zilikuwa zimekufa kweli. Ila hazikujiua. Kazi ya pete ni kupunguza au kuongeza mwendo wa shafti peke yake, kitu chepesi, mpaka meno yalingane. Klachi isipoachia, pete ya shaba inapewa kazi ya kushindana na injini nzima kila unapobadili gia. Ndiyo maana zile mpya zilianza kulalamika baada ya siku kumi na moja. Na tuliongeza chumvi kwenye kidonda: nilipofungua nati ya chini kumwaga oili, ilitoka imechanganyika na unga unaometa manjano, ambao sumaku ya nati haikuukamata kwa sababu shaba haishikwi na sumaku. Mzee akauliza niliweka oili gani. Nikamwonyesha debe, oili 90, imeandikwa GL-5. Akasema hiyo ni ya difu, ile gia ya ekseli inayogawa nguvu kwa magurudumu. Dawa zake zimetengenezwa kwa meno ya difu yanayosuguana kwa nguvu, lakini nyingi haziipendi shaba, na utelezi wake unainyima pete mahali pa kushika. Nikaweka 90 ya GL-4. Ninachojua kwa mkono wangu ni kwamba ya pili kwenda tatu ililainika baada ya siku mbili tatu za kazi.

Ya tatu ikabaki na tabia yake. Kuingia inaingia kama siagi, kwenye mteremko inatoka.

Kwenye MK dereva hakai juu ya giaboksi. Mkono wa gia unatuma habari nyuma kwa vijiti na viungio, na kila kiungio kina bushi, kibomba kidogo cha kuzuia ulegevu. Mzee alilala chini na tochi, akaniambia nitie ya tatu na kuitoa. Mimi juu nausogeza mkono upana wa vidole vinne, yeye chini anaona kijiti kinachoingia giaboksi kimesogea upana wa viwili. Nusu ya safari ilikuwa inapotelea kwenye bushi zilizolika zikawa yai. Kwa hiyo gia haikuwa inaingia yote, ilikuwa imekaa ukingoni, na ukiachia mafuta kwenye mteremko, magurudumu yanaposukuma injini badala ya kusukumwa, meno yanatemana. Fundi wa leti, mashine ya kuchonga chuma, alituchongea bushi za shaba kwa asubuhi moja. Tulipozifunga, mkono wa gia ukawa mkali, unajua kabisa uko wapi.

Ilibaki gololi. Ndani ya giaboksi, kila kijiti cha kuchagua gia kina kishimo, na gololi ndogo inayosukumwa na springi inakaa kwenye kishimo hicho kukizuia kisirudi. Nilijiandaa kushusha giaboksi mara ya tatu, nikaanza hata kupiga simu kutafuta watu wa kubeba. Mzee akaniuliza kama huwa nabomoa nyumba kubadilisha kitasa. Tulifungua kifuniko cha juu tu. Springi ya upande wa tatu na nne ilikuwa imekatika vipande viwili, kimoja kimelalia kingine, gololi inaelea. Giaboksi ile ilikuwa imefunguliwa mara mbili mbele ya macho yangu, mara zote mbili kifuniko kikawekwa pembeni juu ya gunia, na hakuna aliyekigeuza kutazama. Meno ya ya tatu yenyewe yalikuwa yameviringika kidogo pembeni. Mzee akayapitisha kidole, akasema yatafanya kazi kama nitakuwa mpole.

Kwa anayetumia lori la namna hii kwenye tope, kuna jambo moja lisilo ugonjwa ambalo wengi hulitibu kama ugonjwa. Ukiunganisha magurudumu ya mbele kisha ukatembea kwenye lami au ardhi ngumu, shafti zinajikaza dhidi ya nyingine na ule mkono unagoma kutoka. Nimeona mtu akiupiga nyundo. Rudi nyuma mita chache usukani ukiwa umenyooka, utatoka kwa kidole. Enzi hizo mbele ya Merille, njia ya Marsabit, barabara ilikuwa bado vumbi na matuta kama ubao wa kufulia, kwa hiyo jambo hili nililijaribu mara nyingi.

Mzee alikataa pesa ya kazi yote isipokuwa mchanga wa choo, ambao nilimwongezea safari mbili. Lakini alitaka kupanda nami Timau, alisema ana ndugu wa kumjulia hali. Nadhani alitaka kuona ya tatu ikishuka.

Tulirudi alasiri, magunia yamejaa, tanboi katikati, mzee dirishani. Mteremko ulipoanza nikapunguza mapema, nikatia ya tatu, nikaachia mafuta. Injini ikapandisha sauti na kulishika lori. Mkono wangu ulikuwa juu ya mkono wa gia, nimeukaza bila kujua, kama nilivyozoea miezi yote ile.

Mzee akanyoosha mkono mbele ya tanboi, akanigonga vidole.

"Toa. Ukiulalia hivyo unasugua foku ya gia ndani ya boksi, utanirudia tena mwakani."

Nikautoa. Nikaushika usukani kwa mikono yote miwili. Tulishuka kona ya kwanza, ya pili, mkono wa gia unatetemeka kidogo peke yake pale katikati, hauendi popote. Tanboi aliutazama njia nzima mpaka chini. Ule mpira wa tyubu alikuwa ameshaufunga kwenye mlango wake, ambao siku hizo ulikuwa na tabia ya kufunguka.